Mtu na Mfano Wake

Ni swali la siku nyingi, na kila kizazi hulivika nguo zake: mtu akiondolewa mahali pake, na mahali hapo pakawekwa kitu kinachofanana naye kwa sura, kwa sauti na kwa kazi, je, kuna kilichopotea? Wengi watajibu upesi kwamba kimepotea kitu kikubwa. Lakini wakiulizwa ni kitu gani hasa, ilhali kazi zote zinafanyika na watu wa nyumbani wameridhika, ulimi huwa mzito. Katika insha hii nakusudia kulichunguza swali hilo kwa mambo tunayoyajua wenyewe, hasa sisi wa pwani ya Mtwara na bonde la Ruvuma, kwa kuwa naamini ya kwamba utamaduni wetu ulikwisha kulitafakari kabla ya mashine kubuniwa, na jibu lake lingali lafaa kufundishwa.

Tuanze na mchezo wa redio. Mwaka 1949 mwandishi wa Kimarekani, Ray Bradbury, alichapisha hadithi fupi iitwayo "Marionettes, Inc." Mwaka 1951 shirika la utangazaji la NBC liliitoa hewani kama mchezo wa redio, na mwaka 1955 likaitoa tena katika mfululizo mwingine. Ni hadithi ya kubuni juu ya sayansi ya siku zijazo. Bwana mmoja, Braling, amechoshwa na ndoa aliyoingia kwa kulazimishwa. Ananunua kwa siri roboti lililotengenezwa kwa sura yake, ili likae na mkewe wakati yeye atakapokwenda kustarehe Rio. Roboti lisipohitajiwa, hulifungia sandukuni chini ya nyumba. Rafiki yake, Smith, ambaye mkewe amemganda mno kwa mapenzi, anavutiwa na mpango huo. Anakwenda nyumbani kutazama akiba ya benki ili naye anunue la kwake, na anakuta fedha nyingi zimekwisha kutolewa. Anaweka sikio kifuani pa mkewe aliyelala, na badala ya moyo anasikia mlio kama wa saa. Kumbe mke alimtangulia. Naye Braling, anapotaka kulirudisha roboti lake sandukuni, linakataa. Limempenda yule mke, na limechoka na giza la sanduku. Mwishowe anayefungiwa humo ni mwenye nyumba, na mfano wake unabaki na mke.

Yafaa tuangalie kwa nini hadithi kama hii ilistahili redio. Redioni hakuna sura. Mhusika ni sauti tu. Mtu na mfano wake waweza kusemwa na mwigizaji mmoja, na msikilizaji asiwatofautishe, sawasawa na yule mke. Sisi Watanzania twaijua nguvu ya sikio, maana Tanzania Bara iliishi bila kituo cha televisheni hadi miaka ya 1990, na mafunzo mengi ya taifa yaliingia majumbani kwa njia ya redio. Mchezo wa "Twende na Wakati", ulioanza kutangazwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, ulimfanya dereva Mkwaju, mtu asiyepata kuzaliwa, azungumzwe kana kwamba anakaa mtaa wa pili. Kwa hiyo mchezo unaohusu mfano wa mtu, ukitangazwa redioni, humwuliza kila msikilizaji swali la faragha: hao unaoishi nao unawajua kwa kitu gani? Kwa sauti na mazoea tu, au kwa jambo jingine zaidi?

Wasomaji wengi hustaajabia ujanja wa mashine katika hadithi hiyo. Mimi naona la kustaajabia zaidi ni kwamba katika nyumba zote mbili mfano ulikaa kwa muda bila kutambuliwa. Mke wa Braling alihitaji mume wa kuketi sebuleni, na mume akawapo sebuleni. Smith alikuwa na mke wa kumbembeleza, na kubembelezwa hakukupungua. Kila mmoja alikuwa amekwisha kumhesabu mwenziwe kwa huduma anayotoa, na huduma ilipoendelea, hakukuwa na sababu ya kuuliza. Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Mfano hauwezi kuchukua mahali pa mtu mpaka kwanza watu waliomzunguka wawe wamekwisha kumgeuza mtu huyo kuwa kazi yake. Mlango wa kuingilia mfano hufunguliwa kutoka ndani.

Neno lenyewe "roboti" linashuhudia hivyo. Lilitokea katika tamthilia iitwayo R.U.R. ya Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, iliyoandikwa mwaka 1920 na kuchezwa Prague mwaka 1921. Neno alipewa na ndugu yake, Josef, nalo limetokana na neno la Kicheki "robota", yaani kazi ya shurti, zile siku ambazo mkulima alilazimika kumfanyia kazi bwana mwenye ardhi. Roboti za tamthilia hiyo si za chuma. Zina mwili kama wetu, ila zimetengenezwa kiwandani na kuuzwa kwa bei nafuu. Mwenye kiwanda hakuwa na haja ya kuumba mtu. Alitaka kazi ya mtu bila ya mtu mwenyewe: bila ndugu zake, bila misiba yake, bila manung'uniko yake. Jina la mashine hii, basi, lilizaliwa katika habari za utwana kabla halijaingia katika habari za ufundi.

Sasa turudi kwetu. Shauku hiyo ya kupata kazi ya mtu bila ya mtu mwenyewe imo katika masimulizi ya msukule, ambaye huku Kusini huitwa pia ndondocha. Husimuliwa ya kwamba mtu hufa ghafula, ndugu wakalia na kuzika. Lakini waliyemzika, kwa mujibu wa masimulizi, ni gogo la mgomba lililovikwa sura yake. Mwenyewe amefichwa. Amekatwa ulimi, analishwa pumba, na usiku analima shamba la aliyemchukua.

Yanipasa kusema wazi kwamba siandiki ili kuithibitisha imani hiyo. Imani ya uchawi imeleta maafa makubwa katika nchi yetu; wazee wasio na hatia, hasa wanawake, wameuawa kwa kusingiziwa. Tangu mwaka 1928 nchi hii imekuwa na sheria juu ya mambo ya uchawi, na mtu anayemshuku jirani yake kwa sababu tu shamba lake limestawi anafanya dhuluma. Lakini masimulizi yaweza kuwa na hekima hata kama hayana ushahidi wa mahakamani, kama vile zimwi lilivyo na maana katika ngano ingawa hakuna kati yetu aliyepata kuliona.

Tazama kwanza kinachokatwa. Anayemmiliki ndondocha anahitaji mikono na mgongo. Ulimi haumfai, kwa sababu ulimi ndio unaodai ujira, unaosema nimechoka, unaotaja jina la mama, unaokataa. Wasimulizi wetu walijua ya kwamba mtu hawi chombo mpaka anyang'anywe uwezo wa kujibu. Tazama pili kinachozikwa. Kwa nini mgomba, katika nchi yenye miti ya kila aina? Mgomba una unene wa kiwiliwili, ni laini, na ndani yake ni maji matupu. Lakini tena mgomba una tabia ambayo kila mkulima anaijua: ukikatwa, chipukizi huinuka pale shinani na kuchukua mahali pake, wala hakuna anayeulilia. Katika mimea yote ya shambani, ndio usio na pengo. Kumzika mgomba mahali pa mtu ni kusema ya kwamba mtu huyo naye ni wa namna hiyo, akitoka huyu atainuka mwingine. Hilo ndilo tusi lililofichwa ndani ya kisa, na ndilo linalowatisha wasikilizaji kuliko giza la usiku.

Kusini ya kikoloni ilipata kuwa na jambo linalokaribiana na hilo mchana kweupe. Mkonge uliletwa Tanga na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, na baadaye mashamba yakaenea hadi huku Lindi na Mikindani. Wafanyakazi walitoka mbali, wengine wakivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya pamoja ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kama SILABU. Aliyeandikishwa alipewa namba, na ndiyo asili ya jina manamba. Kazi yake ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku thelathini, na kila siku ya kazi iliyotimizwa ilitiwa alama. Kwa karani wa shamba mtu huyo alikuwa kipande chenye alama kadhaa. Akiugua au akifa, nafasi yake ilijazwa, na mkonge ukaendelea kukatwa. Lakini kijijini kwao kulikuwa na mkeka usio na mtu na mtoto anayeuliza, na hakuna namba iliyoweza kupelekwa huko ikapokewa.

Mtu ni yule yule mmoja. Shambani alibadilishika kama jembe. Nyumbani hakubadilishika kabisa. Hii yatuonyesha ya kwamba kubadilishika si sifa iliyomo mwilini mwa mtu, kama urefu au rangi. Hutokana na jinsi wenziwe wanavyomtazama. Kwa hiyo ni jambo la maadili, na mtu aweza kulaumiwa kwalo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliutaja usawa wa binadamu mwanzoni kabisa, kabla ya kuzungumzia njia kuu za uchumi, na naona mpangilio huo ulikuwa sahihi. Nchi isiyoanza na mtu itaanza na kipande.

Huenda mwanafunzi mwerevu akanipinga hivi: tuseme mama mzee wa Chuno amebaki peke yake, na mwanawe yuko Dar es Salaam. Akapatiwa roboti la kumchotea maji na kumpikia, tena linamsemesha kwa sauti ya mwanawe. Mama anafurahi, mwana hana wasiwasi, kazi zinakwenda. Nani amedhulumiwa? Hoja hii si ya kupuuzwa. Upweke wa wazee ni mateso ya kweli, na chombo kinachopunguza taabu ni neema. Hakuna adaiye ya kwamba bomba la maji lilimpora binti aliyekuwa akibeba ndoo kutoka kisimani. Kazi yaweza kuhama kutoka mkono hadi chombo bila utu kuvunjika.

Lakini mama huyo ana jambo jingine na mwanawe, lisilo la maji wala chakula. Anamdai. Alimkesha alipokuwa na surua. Alimsamehe mara nyingi. Na pengine liko kosa moja la zamani ambalo mwana hajaliombea radhi. Roboti laweza kutamka "nisamehe, mama" kwa sauti isiyo na kasoro. Hata hivyo halikukosa. Mama akijibu "nimekusamehe, mwanangu," msamaha huo hauna pa kufikia, na yule mwana aliyeko Dar es Salaam bado hajasamehewa. Vivyo hivyo ahadi: roboti laweza kusema "nitakuja Idi," lakini asiyekuwako hawezi kuja. Deni, kosa, msamaha na ahadi vina mwenyewe, na haviwezi kupokewa na mwingine mwenye sura kama yake. Wahenga waliposema mtu ni watu, nadhani walikusudia jambo hili pia. Mtu ni mahali ambapo nyuzi za watu wengi zimefungwa, na aliye na sura yake hana nyuzi hizo.

Je, basi, kila mfano wa mtu ni uovu? La hasha. Desturi zetu zimejaa mifano ya watu. Mjukuu hupewa jina la babu, na bibi akamwita "mume wangu" mbele ya watu, wote wakacheka. Katika makabila mengi ya Tanzania, mtani hufika matangani akavaa kanzu ya marehemu na kofia yake, akatembea kwa mwendo wake, akakohoa kama yeye, akadai chakula kwa maneno aliyozoea kuyasema. Wafiwa hulia na kucheka kwa wakati mmoja. Huku kwetu kuna mapiko ya Wamakonde, waishio pande zote mbili za Ruvuma. Mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima, akavaa kinyago cha mti mwepesi chenye chale na mara nyingine ndonya, na kwa muda wa ngoma anayecheza uwanjani ni mwingine aliyetoka upande wa pili wa maisha. Yanayofunzwa jandoni juu ya kinyago hicho yana wenyewe, nami sitayaeleza. Yatosha kusema ya kwamba kijana anapopevuka hufunuliwa ni nani aliye ndani, na tangu hapo huwa mmoja wa watunza siri.

Mifano hii ina sifa tatu ambazo gogo la mgomba halina. Kwanza, jamii imekubaliana nayo. Anayepevuka huelezwa, na hakuna mfiwa anayedhani mtani ni marehemu. Pili, mwenye kuigiza alimjua anayeigizwa. Mtani asiyemjua marehemu atakosea kikohozi, na watu watamzomea. Tatu, mfano una mwisho. Kanzu huvuliwa, kinyago huondoka uwanjani, na pengo la aliyefariki hubaki likijulikana kuwa ni pengo. Mtani hakuja kuliziba. Alikuja kutuonyesha ukubwa wake.

Hata kinyago chenyewe kinatufundisha. Mwaka 1984 kinyago kimoja cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Baada ya kutambuliwa na baada ya mazungumzo ya miaka mingi, kilirudishwa Tanzania mwaka 2010. Mtu aweza kuuliza: wachongaji wa Kimakonde hawajaisha, na miti ipo, kwa nini taifa lilisubiri robo karne badala ya kuagiza kingine cha sura ile ile? Jibu ni kwamba kingine kingekuwa na sura, lakini kisingekuwa ndicho kilichoibwa kwetu. Haki ilikuwa na anwani moja tu. Ikiwa kipande cha mti kina heshima hiyo, ya kutafutwa chenyewe na si mfano wake, mwanadamu atapungukiwaje?

Mambo haya si ya ngano wala ya makumbusho peke yake. Mwezi wa Juni mwaka 2022 kampuni ya Marekani iitwayo Amazon ilionyesha hadharani kifaa chake cha kusema, Alexa, kikimsomea mtoto kitabu kwa sauti ya bibi yake aliyekwisha kufariki. Kampuni ilieleza ya kwamba sauti ya muda usiofika dakika moja yatosha mashine kujifunza kuiga. Tukipime kifaa hicho kwa sifa zetu tatu. Mtoto huyo ameelezwa, naye ameelewa? Mashine ilimjua bibi? Ilijua sauti yake. Haikujua alichokasirikia wala alichokificha. Na mchezo huo unakwisha lini, kama kifaa hakizimwi? Bibi wa kwetu akisimulia ngano hukatiza katikati na kuuliza, "Mbona una joto? Njoo nikuguse." Ngano ilikuwa kisingizio, aliyetazamwa usiku kucha ni mjukuu.

Tena matapeli wa simu, ambao Watanzania wote tunawajua kwa ujumbe wao wa kutaka fedha zitumwe kwenye namba ngeni, sasa waweza kupata sauti ya ndugu yako. Dawa gani itakusaidia, ikiwa sikio limeshindwa? Uliza jambo mnalolijua ninyi wawili tu: jina la utani la utotoni, au nani alianguka mwembeni mwaka ule. Asiye na historia nawe hatakuwa na jibu. Hivyo tunarejea pale pale. Kinachomlinda mtu asibadilishwe ni wingi wa yale ambayo wenziwe wanayajua juu yake na kuyatunza.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi ya ofisi haiwezekani bila majalada na namba. Mwanafunzi naye ana namba ya mtihani, nayo yamlinda na upendeleo. Sizichukii namba. Hata cheo ninachokishika, siku nitakapostaafu, kitajazwa na mwingine, na ni haki kiwe hivyo, maana cheo ni kazi. Kosa linaanzia pale jalada linapojibiwa huku mtu aliyesimama dirishani hasikilizwi. Pale mwalimu anapomjua mtoto kwa alama zake tu na asijue kwamba wiki hii amefiwa. Pale nyumbani tunapoulizana mahitaji na kusahau kuulizana hali. Kila tunapofanya hivyo, tunachimba kaburi la mgomba, na hatuhitaji mchawi wala kiwanda.

Nawaomba walimu wawatake wanafunzi wao kazi moja ndogo: kila mmoja aandike juu ya mtu wa nyumbani kwao mambo matano ambayo mfano wake, hata uwe hodari namna gani, usingeyajua. Atakayeshindwa kufika matano asicheke, na asiogope roboti. Aende nyumbani akaketi na mtu huyo. Nami namalizia kwa ubeti mmoja:

Mfano hauna deni, wala haudai mtu,
Hauketi msibani, kulilia ndugu zetu,
Mgomba ule shambani, ukikatwa huota tu,
Bali mtu si mgomba, pengo lake hubakia.